720p, 1080i, 1080p au 4K? Namna ya kuchagua muundo wa picha unaoifaa TV yako

Shemeji yangu alinunua TV ya 4K ya inchi 55, akaifunga ukutani, akaniita nikaione. Mechi ilikuwa inaendelea. Nilisogea hadi hatua mbili kutoka kwenye kioo, nikajaribu kusoma namba mgongoni mwa beki, nikashindwa kujua kama ni 3 au 8. Nyasi zilikuwa bonge moja la kijani. "Au nimeuziwa feki?" akaniuliza kwa unyonge.

TV haikuwa na kosa lolote. King'amuzi ndicho kilichokuwa kinatoa picha kwa 576i, muundo wa enzi za TV za chogo, kwa sababu tangu kitoke kwenye boksi hakuna aliyefungua menyu yake ya picha. Nilibadilisha, namba ikasomeka: ni 8. Shemeji akafurahi, ila kuna jambo lilimtatiza. Kwenye ile orodha 1080p ilikuwa juu kabisa, na mimi nilichagua 1080i iliyo chini yake. Kwa nini niache kubwa nichukue ndogo?

Jibu la swali lake ndilo mwongozo huu. Muundo bora ni ule unaofanya picha iguswe mara chache kadiri inavyowezekana kati ya studio na kioo chako. Na pale inapobidi kuguswa, iguswe na kifaa chenye ujuzi zaidi wa kazi hiyo. Namba kubwa kwenye menyu haikuhakikishii hilo.

Namba na ile herufi ya mwisho

Namba ni idadi ya mistari ya picha kutoka juu hadi chini. Picha ya 720 ina mistari 720 yenye pikseli (nukta ndogo za picha) 1280 kila mmoja, jumla 921,600. Ya 1080 ina pikseli 1920 kwa kila mstari, jumla 2,073,600. Ile tunayoiita 4K kwenye TV ni 2160, yaani 3840 kwa 2160, na jumla yake ni 8,294,400, mara nne kamili ya 1080.

Herufi ndiyo wengi wanaipuuza, nayo ina uzito kuliko wanavyodhani. Ukiona p, kila picha inakuja nzima, mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Ukiona i, picha inakuja nusu-nusu: kwanza mistari ya witiri, 1, 3, 5 na kuendelea, kisha ya shufwa, 2, 4, 6. Zinakuja nusu-picha 50 kwa sekunde katika nchi zinazofuata mfumo wa 50, au takriban 60 katika zile za mfumo wa 60. Ulikuwa ujanja mzuri sana wakati wa chogo. Mwali wa elektroni ndani ya TV ulichora nusu moja, kabla haijafifia ukachora nyingine, na jicho likaona picha moja tulivu isiyopepesa, huku kituo kikirusha nusu tu ya data.

TV bapa haichori hivyo. Inawasha pikseli zote kwa pamoja, kwa hiyo lazima mtu aziunganishe zile nusu mbili kabla hazijafika kwenye kioo. Kama kitu kilisogea kati ya nusu ya kwanza na ya pili, nusu hizo hazilingani, na zikishonwa ovyo utaona kingo za mchezaji anayekimbia zina meno kama ya kitana. Ushonaji huu unaweza kufanywa na king'amuzi au na TV. Kati yao yupo anayeshona vizuri zaidi, na unapochagua muundo kwenye menyu, kwa kweli unachagua fundi.

Hapa pia ndipo panapoeleweka mvutano wa miaka mingi kati ya vituo vyenyewe. 720p katika mfumo wa 50 inatoa picha nzima 50 kwa sekunde. 1080i inatoa nusu 50 zenye maelezo zaidi pale picha inapotulia, lakini hupungukiwa mambo yakienda mbio. Marekani, ABC, ESPN na Fox walichagua 720p, ilhali CBS na NBC wakachukua 1080i. Ulaya, umoja wa watangazaji wa bara hilo ulipendekeza 720p. ARD na ZDF za Ujerumani zikafuata, BBC ikaenda na 1080i. Kama mainjinia wa vituo vikubwa hivyo hawakukubaliana, basi usione aibu kama nawe umechanganyikiwa mbele ya rimoti.

Filamu ina bahati yake. Hupigwa kwa fremu (picha nzima) 24 kwa sekunde, na katika mfumo wa 50 huharakishwa kidogo hadi 25. Ikirushwa kwa 1080i, nusu zote mbili za kila fremu zinatoka kwenye tukio lilelile, hakuna kilichosogea katikati yake. TV inayoitambua hali hiyo inaziunganisha na kupata 1080 kamili bila kupoteza hata mstari mmoja. Ndiyo maana filamu kwenye chaneli ya 1080i inaweza kupendeza sana na mpira kwenye chaneli hiyohiyo ukawa na ukungu kidogo.

Hatua ya kwanza: jua kioo chako kina pikseli ngapi

Geuza TV utazame kibandiko cha nyuma, andika namba ya modeli, kisha itafute kwenye kitabu chake au kwenye tovuti ya mtengenezaji. Unachotafuta ni idadi halisi ya pikseli za kioo. Usichukue orodha ya miundo ambayo TV "inakubali", kwa sababu kukubali ni jambo moja na kuonyesha ni jingine. TV ndogo inaweza kupokea 1080i bila kinyongo kisha ikaipunguza ili ienee.

"Full HD" ni 1920 kwa 1080. "4K" au "UHD" ni 3840 kwa 2160. Panapoleta shida ni "HD Ready", hasa TV za miaka ya mwanzo za inchi 32 na kushuka. Nyingi kati ya hizo zina kioo cha 1366 kwa 768, namba ambayo hakuna kituo kinachoirusha. Ukiiletea 720p, lazima kila mistari 15 igeuzwe kuwa 16. Ukiiletea 1080i, ishone kwanza, kisha ipunguze. Kwa vyovyote vile picha itaguswa, na kwa TV hizo uamuzi wa mwisho ni wa macho yako.

Hatua ya pili: jua chaneli zako zinakuja na nini

Angalia kama menyu ya king'amuzi ina chaguo la kutoa picha kama ilivyokuja. Huandikwa "Native", "Source", "Original" au wakati mwingine "Auto". Kama lipo, liwashe kwa muda, kisha pitia chaneli unazotazama zaidi. Kwenye kila moja bonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti ya TV, si ya king'amuzi, usome kinachoandikwa pembeni: 576i, 720p, 1080i. Andika kwenye karatasi. Dakika kumi zinatosha, na utashangaa: chaneli kadhaa zenye neno HD kwenye jina hazifanani hata kidogo.

Zile zinazokuja na 576i au 480i hazitaokolewa na muundo wowote. Unaweza kuzipanua vizuri au vibaya, lakini maelezo ambayo hayakurushwa hayatazuka.

Tofautisha pia muundo na mgandamizo. Ukiona miraba inatapakaa kila mashabiki wanaporuka jukwaani, au bahari ikigeuka vigae, hiyo ni data chache iliyotengewa chaneli. Kubadilisha 1080i kuwa 720p hakutaiondoa. Na ikiwa picha inaganda au kukatika vipandevipande, hiyo ni habari ya antena na dishi, ishughulikie kwanza kabla hujagusa menyu ya picha.

Hatua ya tatu: waya

Hatua hii ni fupi, ila ndiyo inayowaangusha wengi. Waya wa njano wa picha, ule unaoandamana na mwekundu na mweupe wa sauti, haubebi HD. Menyu inaweza kusema 1080i kwa ujasiri wote, lakini kwenye tundu la njano kitatoka kile cha zamani. Nyaya tatu za picha za kijani, bluu na nyekundu zinaweza kubeba hadi 1080i, angalia tu usichanganye nyekundu ya picha na nyekundu ya sauti. Vinginevyo, tumia HDMI.

Kwa 1080p, waya mzima wa HDMI ulioandikwa "High Speed" unatosha. Kwa 4K ya fremu 50 au 60 tafuta ulioandikwa "Premium High Speed", unaobeba gigabiti 18 kwa sekunde. "Ultra High Speed" wa gigabiti 48 unahitajika kwa 4K ya fremu 120 na 8K. Dhahabu kwenye ncha haiongezi rangi wala ung'avu. Data ya HDMI ikifika salama, picha ni ileile kwenye waya wa bei ndogo na wa bei kubwa. Isipofika, utaona vimulimuli vyeupe au kioo kuzima na kuwaka. Hatari hiyo huongezeka kadiri waya unavyorefuka.

Matundu ya TV nayo hayalingani. Kwenye TV nyingi za 4K ni tundu moja au mawili tu yanayopokea 4K kwa uwezo wote, na mara nyingi lazima uyafungulie kwenye mipangilio ya TV, mahali panapotaja HDMI ya kawaida na HDMI iliyoboreshwa. Amplifaya ya zamani ikikaa katikati inaweza kuzuia 4K kabisa, kwa sababu vipindi vingi vya 4K vinadai HDCP 2.2, ulinzi dhidi ya kunakiliwa, kutoka kwa kila kifaa njiani. Hapo peleka picha moja kwa moja kwenye TV na sauti upitishe njia nyingine.

Hatua ya nne: chagua

Kama king'amuzi chako kinaweza kutoa picha kama ilivyokuja, na TV yako ni Full HD au 4K yenye ubora wa wastani na kuendelea, anzia hapo. TV itafanya kazi yote ya kushona na kupanua, na kwa kawaida chipu ya picha iliyomo ndani yake ina uwezo zaidi kuliko ile ya king'amuzi cha bei nafuu. Kasoro yake ni moja: kila ukihama kutoka chaneli ya 720p kwenda ya 1080i, kioo kinakuwa cheusi sekunde moja au mbili TV ikijipanga upya. Kuna watu hilo haliwasumbui. Mtu anayependa kuruka chaneli litamkera mpaka alirudishe.

Kama chaguo hilo halipo, au limekuudhi, rudi kwenye karatasi yako. Chaneli zako nyingi zikiwa 1080i, weka 1080i. Hii ndiyo ilikuwa hali ya shemeji. King'amuzi chake kikiwekwa 1080p, chenyewe ndicho kilichokuwa kinashona, na kilikuwa kinashona vibaya: maandishi ya habari yanayopita chini ya kioo yalikuwa na kingo zinazotetemeka. Kwa 1080i, zile nusu zilifika kwenye TV jinsi zilivyo, na TV mpya ya 4K ikazishona bila mtetemeko.

Chaneli zako nyingi zikiwa 720p, usiweke 1080i. Sababu yake ni ya hesabu. Ili kutengeneza 1080i, king'amuzi kitachukua kila picha nzima ya mistari 720 na kuibana iwe nusu-picha ya mistari 540, kisha TV itajaribu kurudisha kilichopotea. Umepoteza njiani bila sababu. Weka 720p, au 1080p, ambayo ina nafasi ya kubeba picha zote 50 bila kuzikata nusu.

Na kama umechanganya, nusu hivi nusu vile? Kwangu mimi jibu ni 1080p, kwa sharti kwamba umekijaribu king'amuzi kwenye chaneli ya 1080i na hujaona meno ya kitana. Ukiyaona, amua unachokithamini. Mtu wa mpira wa 720p achukue 720p. Mtu wa filamu na tamthilia za 1080i achukue 1080i.

TV ya 1366 kwa 768 nimeiacha peke yake makusudi. Baadhi ya zile za zamani zilikuwa zinakwepa kazi ya kushona: zinachukua nusu-picha moja yenye mistari 540 na kuivuta ijaze kioo. Kwenye TV ya namna hiyo 720p itashinda waziwazi. Nyingine zinashona vizuri, na 1080i inatoka ikiwa kali zaidi kwa sababu ukubwa umebadilishwa mara moja tu. Kumbuka pia kwamba kadhaa hazipokei 1080p kabisa. Anza na 720p, kisha uende hatua inayofuata ukiwa na moyo wa kukubali matokeo.

Kwa 4K, weka 2160p kama una vipindi vya 4K kweli. Kama kila unachotazama ni 1080i na king'amuzi kinakualika kwenda 2160p, kataa kwanza; kinachofanyika ni king'amuzi kupanua picha badala ya TV. Vivyo hivyo kwa HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza. Muundo wa HLG, uliobuniwa na BBC pamoja na NHK ya Japani kwa ajili ya matangazo, ni mzuri pale kipindi chenyewe kinapokuwa hivyo. Ukilazimisha kila chaneli iwe HDR, nyuso za watu zinaweza kupauka au kukolea kupita kiasi. Chagua iwake yenyewe inapohitajika.

Kijiti cha intaneti au boksi la filamu lina jambo moja la ziada: tafuta mpangilio wa kulinganisha kasi ya fremu na uuwashe. Filamu ya fremu 24 ikilazimishwa kwenye 60, fremu moja hukaa mara tatu, inayofuata mara mbili, na kamera inapozunguka polepole utaona mandhari inasogea kwa kusitasita. Kwa mashine ya gemu, chagua pikseli zilezile za kioo chako, herufi iwe p, na uwashe hali ya gemu kwenye TV ili kidole na kioo vikubaliane.

Hatua ya tano: yajaribu kwa macho

Kabla ya kulinganisha, punguza ukali wa picha kwenye TV hadi karibu na chini na uzime kisafisha chenga. Ukali ukiwa juu, kila mstari unazungukwa na kivuli cheupe, na hutajua kipi kimetoka kwenye muundo na kipi kimebuniwa na TV. Kama king'amuzi kinarekodi, rekodi dakika tano za mechi na uzirudie katika kila muundo. Kulinganisha matukio tofauti ni kujidanganya.

Tazama vitu vitatu. Maandishi yanayopita chini ya kioo: kingo zake zitulie. Mstari mweupe wa uwanja unaokatiza kwa mshazari kamera inapohama: usiwe na ngazi zinazopanda na kushuka. Na wavu wa goli, au shati la mistari myembamba: visimetemete. Wavu ndio hakimu wangu. Muundo usiofaa unaufanya uchemke kama maji ya sufuria. Unaofaa unauacha uwe wavu.

Kaa pale unapokaa siku zote. Jicho lenye uwezo wa kawaida huanza kupoteza faida ya 1080 ukikaa mbali zaidi ya takriban mara tatu ya kimo cha kioo, na ya 4K kwa nusu ya umbali huo. TV ya inchi 40 ina kimo cha kama sentimita 50, kwa hiyo ni mita moja na nusu. Ya inchi 55 ni mita mbili na kidogo. Ukikaa mita nne, huenda usione tofauti kati ya 720p na 1080i, na hapo chagua ile inayohama chaneli haraka. Bora zaidi, mpe mtu rimoti abadilishe bila kukutajia, wewe useme ipi nzuri. Ukichagua ileile mara tatu, umepata.

Hatua ya sita: kingo na rangi

TV nyingi bado zina mazoea ya chogo ya kukata pembeni mwa picha. Kwenye kioo cha Full HD hii inaumiza: picha iliyolingana pikseli kwa pikseli inakatwa, kisha inavutwa tena ienee, na ule ukali ulioutafuta unayeyuka. Fungua menyu ya ukubwa wa picha kwenye TV utafute "Just Scan", "Screen Fit", "1:1" au jina la aina hiyo. Utajua umeipata pale nembo ya chaneli itakaposogea kidogo kuelekea katikati.

Ikiwa nyeusi inaonekana kijivu, au nywele na suti nyeusi zimekuwa doa moja lisilo na mikunjo, kifaa na TV havikubaliani juu ya mipaka ya rangi: kimoja kinahesabu nyeusi kuanzia 0, kingine kuanzia 16. Viweke vyote kwenye otomatiki, au vyote kwenye mpangilio uleule. Menyu ikikuuliza namna ya kupeleka rangi, king'amuzi kinapendelea YCbCr, kompyuta RGB.

Kioo kikiwa cheusi ghafla

Ukichagua muundo ambao TV haiujui, picha itatoweka na huenda ukaona ujumbe kwamba mawimbi hayatambuliki. Usibonyeze chochote. Ving'amuzi vingi vinasubiri uthibitishe, na usipothibitisha vinarudi vyenyewe kwenye muundo wa awali baada ya sekunde chache. Kisiporudi, kizime kwenye umeme, usubiri dakika moja, ukiwashe. Ikishindikana, chomeka ule waya wa njano, kwa sababu kwenye ving'amuzi vingi tundu lake linaendelea kutoa picha hata HDMI ikiwa imekataliwa. Ingia kwenye menyu kwa picha hiyo mbaya, weka 720p, kisha urudi kwenye HDMI. Na king'amuzi kikipakua programu mpya usiku, asubuhi bonyeza kitufe cha taarifa cha TV kabla hujalaumu chaneli. Mara nyingine mipangilio yote hurudishwa ilikotoka, na 576i ikawa inakungoja.